Mkono Ukishuka, Nani Kausukuma?

Sauti tatu zinazosemezana hapa chini nimezibuni, wanachobishania sikukibuni. Mwalimu ni mama mstaafu aliyefundisha fiziotherapia maisha yake yote. Mtabibu ni binti aliyesomea kinesiolojia tumizi Ujerumani, ambako tiba hiyo ina wafuasi wengi, akarudi kufungua chumba chake cha kazi Dar es Salaam. Mzee ni mgonjwa wa bega aliyepita mikononi mwa wote wawili, na mashaka yake yamenifaa kuliko uhakika wa wenzake. Pale niliposhindwa kunyamaza nimetumia mabano.

MTABIBU: Shikamoo, Mwalimu. Naomba nianze mimi, maana mshtakiwa ni mimi. Watu wamesikia kwamba mgonjwa akija kwangu namwambia anyooshe mkono akiwa ameshika pakiti ya unga, nausukuma chini, kisha namkataza ngano. Wakicheka nawaelewa. Lakini kupima msuli kwa mkono hatukukuzua sisi. Kulianzia hospitalini, kwa watu wa koti jeupe kama wewe.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Hilo nakupa bure, tena nakuongezea. Kulianzia Boston mwanzoni mwa karne ya 20, kwa daktari wa mifupa aliyeitwa Robert Lovett, na kilichokuleta ni polio. Mtoto analala na homa, anaamka mguu hauitikii. Swali la Lovett lilikuwa dogo: msuli upi umekufa kabisa, upi umebakiwa na uhai, upi tuufanyishe mazoezi na upi tusiuchoshe? Msaidizi wake, Wilhelmine Wright, alichapisha mwaka 1912 maelezo ya kupima msuli mmoja mmoja kwa kutumia uzito wa kiungo chenyewe. Mtoto akiweza kuinua mguu huku uzito wake ukiuvuta chini, msuli huo ni wa wastani. Akiweza kuusogeza pale tu alipolazwa ubavu ili uzito usimpinge, msuli ni dhaifu. Kidole chako kikisikia nyama inatikisika na kiungo hakisogei, hiyo ni dalili tu. Usiposikia chochote, umetoweka.

MZEE: Kwa hiyo kipimo ni uzito wa mguu wa mtoto mwenyewe?

MWALIMU: Ndiyo, Mzee, na hapo ndipo uzuri wake wote. Dunia inauvuta mguu vilevile Boston na Moshi. Haijui mimi nataraji nini, haimpendelei mgonjwa wangu wala haimchukii. Mashaka yanaanza juu ya hapo, pale mtoto anaposhinda uzito wa mguu na mimi naanza kuongeza mkono wangu. Nimesukuma kiasi gani? Jana nilisukuma kiasi hicho hicho? Lovett aliliona hilo mapema. Baada ya mlipuko wa polio Vermont mwaka 1914, yeye na mwanafiziolojia wa Harvard, Ernest Martin, walitengeneza kipimo cha mizani ya springi: mkanda unafungwa kwenye kiungo, mizani inavutwa mpaka msuli ushindwe, namba inaandikwa. Walikichapisha mwaka 1915 na 1916. Hebu liangalie jambo hilo vizuri. Waanzilishi wenyewe wa kipimo cha mkono ndio waliokuwa wa kwanza kutouamini mkono.

(Lovett huyu ndiye aliyeitwa Agosti 1921 kumwona mwanasiasa kijana ambaye miguu yake ilikuwa imekatika nguvu ghafla akiwa mapumzikoni. Alikuwa Franklin Roosevelt. Lovett alisema ni polio, baada ya madaktari wengine kukosea.)

MTABIBU: Mizani hiyo iko wapi leo? Hospitalini kwetu mnapima kwa mkono, kutoka 0 hadi 5.

MWALIMU: Tunapima kwa mkono, kweli. Namba hizo zilitolewa Uingereza mwaka 1943, wakati wa vita, kwa ajili ya askari waliokatwa mishipa ya fahamu kwa risasi na vipande vya mabomu. Daraja la 3 ni lile lile la Wright, kushinda uzito. La 4 na la 5 ndiyo yenye utata, na tafiti za tangu miaka ya 1960 zimeonyesha kwamba pale juu mpimaji wa mkono anaweza kupitwa na upungufu mkubwa wa nguvu asiusikie, hasa kwenye misuli minene ya paja. Sitakuficha.

MTABIBU: Asante. Basi ngoja nimalizie nasaba, kwa kuwa ukoo wetu ni mmoja. Mwaka 1949, mjini Baltimore, mume na mke wataalamu wa fiziotherapia, Henry na Florence Kendall, walitoa kitabu cha kupima misuli ambacho wanafunzi wanakitumia mpaka leo, kikiwa na picha za jinsi ya kumlaza mgonjwa, wapi uweke mkono na upande gani usukume. Kitabu hicho kilifika Detroit mikononi mwa George Goodheart. Huyu alikuwa mkiropraktiki, mmoja wa wale wanaotibu kwa kunyoosha uti wa mgongo. Mwaka 1964 alimpata kijana ambaye kombe la bega lilikuwa limebenuka nyuma. Ukimwambia asukume ukuta, mfupa unachomoza. Msuli unaolishikilia kombe la bega kwenye mbavu ulikuwa dhaifu, lakini haukuwa umesinyaa. Goodheart akapapasa pale unapojishika kwenye mbavu, akakuta vinundu vidogo vyenye maumivu. Akavikanda kwa nguvu. Alipopima tena, msuli ulikuwa umepata nguvu na kombe limerudi mahali pake. Kinesiolojia tumizi ilizaliwa hapo.

MZEE: Na mimi ndivyo alivyonifanyia. Alikanda mbavuni, ikauma hadi nikatamani kumfukuza, halafu bega likawa jepesi.

MWALIMU: Kisa cha yule kijana sina ugomvi nacho, Mzee. Mgonjwa mmoja si ushahidi, lakini si lazima kiwe uongo. Msuli unaweza kulegea pasipo kuwa na ugonjwa wake mwenyewe. Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Detroit, watafiti walichapisha jaribio la kuingiza majimaji kwenye goti. Goti lilipojaa, msuli wa mbele ya paja ulikatika nguvu, ingawa hakuna aliyeugusa. Goti ndilo lililoutuliza kupitia neva. Tunaliona hilo kila siku kwa waliofanyiwa upasuaji wa goti. Kwa hiyo Goodheart angeishia kwenye kusema, "msuli dhaifu unaweza kuwa unasimulia habari ya kiungo cha jirani," leo tungekuwa tunamfundisha darasani na mimi na wewe tusingekuwa na mjadala.

MTABIBU: Hakuishia hapo kwa sababu alikuwa mdadisi. Alichukua kazi ya mwosteopathi Frank Chapman, aliyekuwa amechora alama mwilini na kuziunganisha na limfu. Alichukua za Terence Bennett, za mishipa ya damu. Akachukua na njia za nishati za Wachina, zile za tiba ya sindano. Aliona mwili mmoja, si vipande.

MWALIMU: Na akaupa kila msuli kiungo chake cha ndani. Itaje, Mzee aisikie.

MTABIBU: Msuli wa mbele ya paja na utumbo mwembamba. Msuli mpana wa mgongo na kongosho. Msuli wa bega na mapafu. Ule wa ndani ya nyonga na figo.

MZEE: Sasa nimeelewa. Siku ile uliponiambia msuli wa mgongo umelegea, ukasema tuangalie kongosho. Nilienda kupima sukari nikiwa nimeshaandaa wosia kichwani. Sukari ikawa sawa kabisa.

MTABIBU: Nilisema tuangalie, Mzee. Sikusema una kisukari.

MWALIMU: Lakini aliyesikia ni mgonjwa, mwanangu, na mgonjwa akisikia kongosho hasikii "tuangalie". Mimi nauliza jambo jepesi tu. Msuli mpana wa mgongo unapata neva yake kutoka shingoni, kongosho linapata yake kwingine. Ni mkondo gani unaopeleka habari kutoka huku hadi kule, kisha uulegeze mkono upande mmoja kwa sekunde mbili, na sekunde ya tatu uwe na nguvu kwa kuwa umemwekea mtu kidonge cha zinki ulimini? Kuna wanaompimia mtoto mchanga kwa kuusukuma mkono wa mama yake aliyemshika. Neva ya nani inafanya kazi hapo?

MTABIBU: Hilo la mama na mtoto mimi silifanyi.

MWALIMU: Kwa nini hulifanyi?

MTABIBU: Kwa sababu... siliamini.

(Nilimwacha anyamaze kidogo hapa. Kila tiba ina mstari ambao mtabibu wake havuki, na ukimuuliza mstari huo aliuchora kwa kipimo gani, mara nyingi hana jibu. Nimewahi kuwauliza waganga wa kila aina, wenye shahada na wasio nazo.)

MTABIBU: Tuache nadharia. Mimi nasikia kwa mikono yangu. Mkono ukiwa na nguvu unajifunga, unakuwa kama umepigwa komeo. Mtu akishika kitu kisichomfaa, komeo linafunguka. Sijidanganyi na simdanganyi mtu. Mgonjwa mwenyewe anashangaa.

MWALIMU: Naamini hudanganyi, na hapo ndipo nilipokuwa nakuvizia. Mwanasaikolojia wa Marekani Ray Hyman amesimulia jaribio moja lililofanyika katika ofisi ya daktari Wallace Sampson, Mountain View, California. Wakiropraktiki walikuja kuonyesha kwamba mwili unatofautisha sukari mbaya na nzuri. Wakidondosha glukosi ulimini, mkono unashuka. Wakidondosha fruktosi, mkono unakaza. Kila mtu aliona. Kisha wakaombwa warudie huku mpimaji wala mpimwaji asijue tone ni la sukari ipi. Tofauti ikapotea, mikono ikashuka na kukaza ovyo. Kiongozi wa kundi akamgeukia Hyman na kumweleza kwamba hiyo ndiyo sababu wameacha kufanya majaribio ya namna hiyo: kwamba hayafanyi kazi kamwe. Na alisema kwa moyo mweupe.

MZEE: Hakuona alichokisema?

MWALIMU: Hakukiona. Mikono ilikuwa imeshamwambia ukweli kwa miaka, angewezaje kuamini jaribio la dakika kumi? Na si yeye wa kwanza. Mwaka 1853 London ilikuwa imeingiwa na wazimu wa meza zinazozunguka. Watu wanakaa, wanaweka viganja juu ya meza, meza inatembea, wanasema ni mizimu. Michael Faraday, yule wa umeme, hakuwaita waongo. Aliweka karatasi ngumu kadhaa kati ya viganja na meza, akazigandisha kwa gundi laini inayoteleza. Kama meza ndiyo inayovuta, karatasi za chini zitatangulia. Zilizotangulia ni za juu. Viganja ndivyo vilivyokuwa vinasukuma, na wenye viganja walikuwa tayari kuapa kwamba havisukumi. Kisha akaweka kijiti kinachoonyesha mkono ukisogea, watu wakakitazama. Meza zikatulia. Daktari William Carpenter alikuwa amelipa jambo hilo jina mwaka mmoja kabla: mwendo unaozaliwa na wazo, bila mtu kuamua.

MTABIBU: Lakini mimi si meza, na mgonjwa hazungushwi.

MWALIMU: Wewe una mengi zaidi ya kuteleza nayo. Ukisukuma karibu na kiganja, mkono unashuka. Ukisukuma karibu na kiwiko, unakaza. Ukianza wewe kabla mgonjwa hajajiandaa, anashindwa. Ukimpa nusu sekunde, anakushinda. Mara ya pili ameshajua unakuja. Pembe ikibadilika kidogo, msuli mwingine unasaidia. Hakuna hata moja kati ya hayo unaloamua. Wazo linaamua kwa niaba yako.

MZEE: Hata vile vikuku vya mpira? Mjukuu wangu alikuwa nacho, akaniambia nisimame mguu mmoja.

MWALIMU: Ndiyo hayo hayo, Mzee, ila yale yalikuwa biashara. Power Balance waliviuza kwa kuonyesha watu wakisukumwa bila kikuku na wakisukumwa nacho. Mara ya kwanza unamsukuma kuelekea nje, anapepesuka. Mara ya pili unabana nguvu kuelekea mwilini mwake, anasimama imara. Mwishoni mwa 2010 mamlaka ya ushindani ya Australia iliwabana, wakakiri kwamba hawana ushahidi wa kisayansi unaoaminika, wakakubali kurudisha fedha za watu.

MTABIBU: Usinichanganye na wauza vikuku, Mwalimu. Goodheart alikuwa mkiropraktiki wa kwanza kuingia katika timu ya matibabu ya Marekani kwenye Olimpiki, Lake Placid 1980. Chuo chake cha kimataifa, kilichoanzishwa 1976, kinasema wazi kwamba kipimo cha msuli kisisimame peke yake, kiende pamoja na historia ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili na vipimo vya maabara. Tena mwaka 2007 Scott Cuthbert na Goodheart mwenyewe walipitia tafiti zaidi ya 100 kuhusu kupima misuli kwa mkono, wakakuta kipimo kinategemeka. Tafiti mia, Mwalimu.

MWALIMU: Nilikuwa naomba uifikie hiyo. Nyingi katika hizo mia ni tafiti zetu. Za polio, za mgongo, za neva iliyokatika. Zinathibitisha kwamba mkono unaweza kujua mguu upi umepooza. Mwaka huo huo na katika jarida hilo hilo, Mitchell Haas na wenzake, nao wakiropraktiki, walijibu kwamba huwezi kuchukua sifa ya kipimo kimoja ukaibandika kwenye kingine kwa kuwa vyote vinasukuma mkono. Ni kama kusema mizani ya sokoni inaaminika kwa nyama, kwa hiyo iaminike pia ikisema nani aliiba ng'ombe. Mimi kosa la Goodheart naliona hapo tu. Aliuchukua mkono ulioaminika kwa swali moja, akauuliza maswali mengine elfu.

MTABIBU: Na hayo maswali mengine yamepimwa?

MWALIMU: Yamepimwa. Mwaka 1988 wapimaji watatu wenye uzoefu walipewa watu 11 waseme nani ana upungufu wa vitamini A, vitamini C, thiamini au zinki. Majibu yakalinganishwa na maabara. Hawakukubaliana wao kwa wao, wala na maabara, na hawakuwa bora kuliko kubahatisha. Mwaka 2001 Ujerumani, huko huko ulikosomea, walipimwa watu wenye mzio wa sumu ya nyigu. Chupa ya sumu na chupa isiyo na sumu, mkono haukuzitofautisha. Mwaka 2014, Marekani, chupa moja ilikuwa na kemikali yenye sumu na nyingine maji ya chumvi. Walipatia zaidi kidogo ya nusu. Sarafu nayo inapata nusu. Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba, wa mwaka 2011 kuhusu mzio wa chakula kwa watoto unawaambia madaktari wasikitumie kabisa kipimo hiki. Na mimi hapo ndipo ninapokasirika kweli. Mtu mzima akikatazwa ngano, atakula ugali na maisha yataendelea. Mtoto wa miaka miwili ukimnyima maziwa, mayai na samaki kwa sababu mkono ulishuka, umempokonya protini.

MTABIBU: Mtoto sijawahi kumkataza maziwa.

MWALIMU: Sisemi wewe. Nasema kipimo. Hakina kitu ndani yake kinachomzuia mwenzako.

MZEE: Mniwie radhi, maana mnabishana juu ya bega langu. Mwalimu, kwako nilikuja mara kadhaa. Lilipona kwake. Mimi nifanye nini na chupa zenu za sumu ya nyigu?

(Swali hili ndilo nililoogopa zaidi wakati wa kuandika, kwa sababu ndilo linalojaza vyumba vya tiba mbadala, na wataalamu wengi hulijibu kwa dharau.)

MWALIMU: Ulipokuja kwangu nilikupa muda gani?

MZEE: Dakika kumi, labda. Na karatasi ya mazoezi.

MWALIMU: Na kwake?

MZEE: Saa nzima. Aliniuliza nalala upande gani, nabeba nini, nani amefariki nyumbani. Akakanda. Akanizuia kubeba madumu ya maji.

MWALIMU: Basi umejibu. Bega lililopumzishwa, likakandwa, likaachwa wiki sita bila madumu, linaweza kupona. Kosa langu ni dakika kumi, na foleni ya watu arobaini mlangoni haiwezi kulifuta. Lakini katika saa yake nzima, ile nusu dakika ya kuusukuma mkono ukiwa umeshika pakiti ya unga haikuchangia kitu. Angeiondoa, ungepona vilevile.

MTABIBU: Ile nusu dakika ndiyo inayowafanya wakae saa nzima, Mwalimu. Mgonjwa akiona mkono wake unashuka, ananisikiliza. Nikimwambia kwa mdomo "acha madumu," ananiambia nani atachota.

MWALIMU: Hapo umesema kweli kuliko tangu tuanze, na imenitisha.

MTABIBU: Haya. Nipime basi, mbele ya Mzee. Bahasha kumi, nyingine sukari, nyingine chumvi. Nikipatia nane, unyamaze.

MWALIMU: Kumi hazitoshi. Kwa kubahatisha tupu, mtu anapatia nane au zaidi kati ya kumi zaidi ya mara tano katika mia. Nataka ishirini, na upatie 15. Hapo bahati inaweza kukusaidia mara mbili hivi tu katika mia. Kila bahasha iamuliwe kwa kurusha sarafu, uzito uwe sawa, na anayezijaza asiwe chumbani.

MTABIBU: Nakubali. Nami nina sharti. Tulete watu kumi, uwapime mabega kwa mkono, uandike huyu 4, huyu 5, kisha tuwapime kwa dainamomita, kifaa cha kupima nguvu, na namba zako zisomwe kwa sauti.

MWALIMU: Nifungwe macho?

MTABIBU: Usiambiwe nani anaumwa. Inatosha.

MWALIMU: Umenibana. Sawa.

MZEE: Na mkono utakaosukumwa mara ishirini ni wa nani? Naona hamjaniuliza.

MWALIMU: Ni wako, Mzee, lakini tutatumia wa kushoto, na utapumzika kila baada ya bahasha tano. Ukichoka, jaribio zima linaharibika.